Sawa ya Tatu

Bárður alinipigia alfajiri, ukungu umeimeza Tórshavn,
mswaki bado mdomoni mwangu.
Rannvá, akasema, nina kondoo jike hapa mbele yangu,
anatafuna kamba ya kiatu changu,
na mashine yako inaniambia ni maiti.
Jana machinjioni wamenirudisha nao wote.
Wamesema aliyekufa hachinjwi.

Nikamuuliza namba. Nikasikia akimshika sikio,
akimtukana kwa upendo.
Sifuri, e, kumi na mbili.

Sifuri ni mwaka aliozaliwa.
E ni mashariki, malisho ya upande wa majabali.
Kumi na mbili ni zamu yake siku ya kutobolewa sikio.
Utaratibu huo ulibuniwa na mtu asiyewahi kugusa kompyuta,
wala hakukosea.

Aliyekufa kweli ni thelathini na tatu.
Ilikuwa Machi, mvua ya mawe, aliteleza.
Sunnvá ndiye aliyeuona mwili chini kwenye povu,
ndiye aliyekiandika kifo kwenye simu, glavu mkononi.
Kifo kimoja.
Programu ikazika arobaini na mmoja.

Nikaufungua mstari. Ni wangu,
niliuandika miaka sita iliyopita nikiwa na mafua na haraka:
ikiwa namba hii ni sawa na ile, andika amekufa.
Sawa yenye alama mbili. Sawasawa.
Ile ya mtu anayeitikia asichokisikia,
sawa ya kukata simu.

Maana lugha ile ina moyo wa bora liende.
Uipe maneno mawili uilinganishie,
ikinusa tarakimu tu inakimbilia hesabu.
E iliyokaa katikati ya namba inaidhania kipeo:
sifuri mara kumi, mara kumi, mara kumi,
hadi mara ya kumi na mbili;
sifuri mara kumi, hadi ya thelathini na tatu.
Zidisha mpaka uchoke, sifuri haizai.
Basi huyu ni sifuri, na yule ni sifuri,
basi huyu ndiye yule,
basi akianguka mmoja

Wa magharibi hawakuguswa.
Wao herufi yao ni v,
na v katika hesabu hiyo si kitu,
ikabidi isomwe kama ilivyoandikwa.

Niliongeza alama moja. Kidole kimoja, kitufe kimoja.
Sawa ya tatu, ile inayouliza wewe ni nani
kabla ya kuuliza una thamani gani.
Kisha nikafuta vifo arobaini kwa mkono,
kimoja kimoja, chai ikipoa,
nikikiruka cha thelathini na tatu.
Huko mlimani walifufuka
na hakuna hata mmoja aliyeacha kutafuna.

Bárður akashukuru. Akasema, sasa wanaweza kwenda.
Kwenda wapi, nikauliza,
kana kwamba sikuzaliwa visiwa hivi.

Alhamisi walikwenda tisa, wale wenye meno yaliyokwisha.
Sunnvá aliniambia jinsi kumi na mbili alivyosita mlangoni,
mashine ikamsoma sikio,
ikamtambua yeye, wala si mwingine,
ikawasha taa ya kijani.

Kosa langu lilikuwa limemfichia kisu.
Sijui niliweke wapi neno hilo.
Msimbo ulikuwa mbovu, nami niliurekebisha,
na usiku ule nililala vizuri, hilo nalo nalisema.

Wiki mbili baadaye nikakuta kifurushi mlangoni:
paja limefungwa kwa gazeti,
na juu yake, kwa uzi, hereni ya plastiki ya njano.
Nyama tuliila. Hereni inaning'inia
pembeni ya kioo cha kompyuta yangu,
na siku hizi vijana wa ofisini wakija na kazi yao,
wakiniuliza, Rannvá, mstari huu uko sawa?
naitazama kwanza,
halafu nawauliza: sawa ngapi?